Wilaya ya 10 ya Seneti ya Wisconsin: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia ya Chaguzi Zake

Ukurasa huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuielewa wilaya moja ya mashambani nchini Marekani, tena aielewe vizuri, hadi aweze kusoma matokeo yake bila kupotoshwa. Tumechagua wilaya ya 10 ya Wisconsin kwa sababu ndani ya miaka 10 tu, 2011 hadi 2020, ilipitia karibu kila aina ya uchaguzi ambayo sheria ya jimbo hilo inaijua.

Hii ni Seneti ya Washington?

Hapana. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake. Wisconsin ina Seneti ya watu 33 na Baraza la Wawakilishi la watu 99, na vyote viwili hukutana Madison, mji mkuu wa jimbo. Wilaya moja ya Seneti hutokana na wilaya 3 za Baraza zilizounganishwa, na namba zake hufuata hesabu rahisi: zidisha namba ya Seneti kwa 3, upate wilaya ya Baraza ya mwisho kati ya hizo tatu. Kwa hiyo wilaya ya 10 ni wilaya za Baraza za 28, 29 na 30.

Seneta wa jimbo hashughulikii vita wala viza. Anapigia kura bajeti ya shule, kodi za jimbo, barabara, leseni, sheria za uwindaji na sheria za vyama vya wafanyakazi.

Kwa nini mnasema "wilaya" na si "jimbo"?

Kwa sababu "jimbo" hapa ni Wisconsin yenyewe. Mtanzania amezoea jimbo la uchaguzi na Mkenya amezoea eneo bunge. Maneno yote mawili yangeleta mkanganyiko. Chini ya jimbo kuna kaunti 72, na mipaka ya wilaya ya Seneti hukata kaunti inavyotaka.

Iko wapi, na watu wake wanaishi vipi?

Kaskazini magharibi mwa Wisconsin, kando ya mto St. Croix, ambao ng'ambo yake ni Minnesota. Kwa ramani iliyotumika kuanzia 2012 hadi 2020, wilaya iligusa kaunti za Burnett, Polk, St. Croix, Pierce na Dunn.

Kuiita ya mashambani ni sawa, ila usidhani wote ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kaskazini, Burnett na Polk, ni misitu, maziwa ya maji na nyumba za mapumziko. Katikati ni mashamba ya mahindi, soya na maziwa. Kusini magharibi, kuzunguka Hudson kwenye barabara kuu ya I-94, wanaishi watu wanaovuka mto kila asubuhi kwenda kazini Minneapolis na Saint Paul. River Falls ina chuo kikuu chake, na Menomonie nako kuna chuo kikuu.

Mto huo ndio unaoeleza siasa nyingi za hapa. Wakazi hutazama televisheni za Minneapolis, kwa hiyo habari za Madison huwafikia kwa shida, na mgombea anayenunua tangazo la televisheni hulipia mamilioni ya watazamaji wa Minnesota wasio na kura kwake. Ndiyo maana kampeni za hapa huegemea barua za posta, redio ndogo na kubisha hodi. Makubaliano ya kodi ya mapato kati ya majimbo haya mawili yalikoma kuanzia mwaka wa kodi 2010, na tangu hapo anayevuka mto kufanya kazi hujaza fomu za majimbo yote mawili. Daraja jipya la St. Croix, kati ya upande wa Stillwater na Houlton, lilihitaji sheria maalumu ya Bunge la Marekani mwaka 2012 kwa sababu mto unalindwa kisheria, likafunguliwa Agosti 2017. Mambo kama haya, kodi ya mvuka mto na daraja, humgusa mpiga kura wa Hudson kuliko hotuba yoyote ya kitaifa.

Nani wamewahi kukikalia kiti?

Warren Knowles wa New Richmond, wa chama cha Republican, alikuwa seneta wa wilaya ya 10 kuanzia 1941 hadi 1955. Baadaye akawa gavana, 1965 hadi 1971. Kiti kilimwendea ndugu yake, Robert Knowles, aliyekaa hadi 1977. Miaka ya 1980 alikuwapo James Harsdorf, Republican. Kuanzia 1993 hadi mwanzoni mwa 2001 kilikuwa cha Alice Clausing wa chama cha Democratic. Uchaguzi wa 2000 alishindwa na Sheila Harsdorf, mfugaji wa maziwa na dada yake James. Sheila alikishika hadi Novemba 2017. Patty Schachtner wa Democratic alikuwa seneta kuanzia 2018 hadi Januari 2021, na baada yake Rob Stafsholt, Republican, aliyekihifadhi tena mwaka 2024.

Familia mbili, Knowles na Harsdorf, zimetoa ndugu wawili wawili kwenye kiti kimoja. Katika wilaya ambayo televisheni haimtangazi mgombea, jina linalojulikana kwenye maonyesho ya kilimo na kanisani ni mtaji mkubwa.

Kwa nini wilaya hii huchagua seneta mwaka wa uchaguzi wa rais?

Muhula wa seneta ni miaka 4, na nusu ya viti hupigiwa kura kila baada ya miaka 2. Wilaya za namba shufwa, 2, 4, 6 hadi 32, huchagua mwaka wa rais: 2012, 2016, 2020, 2024. Za namba witiri huchagua mwaka wa gavana: 2014, 2018, 2022.

Usilipite jambo hili haraka. Maana yake, seneta wa wilaya ya 10 huchaguliwa na umma mkubwa kabisa unaojitokeza, wakiwamo watu wanaopiga kura mara moja kila miaka 4. Kiti hicho hicho kikijazwa kwa uchaguzi mdogo wa Januari, wapiga kura ni watu wengine kabisa, ingawa anwani ni zile zile.

Je, kweli kuna mpiga kura anayengoja miaka 6?

Ndiyo. Chukua mtu aliyekuwa wilaya ya namba shufwa na akapiga kura ya Seneti 2008. Ramani mpya ya 2011 ikamhamishia wilaya ya namba witiri bila yeye kuhama nyumba. Wenzake wa zamani wakachagua 2012. Yeye akangoja hadi 2014. Ramani ile iliwaweka karibu watu 300,000 katika hali hiyo. Ramani ya 2024 imefanya vivyo hivyo: aliyetolewa kwenye wilaya shufwa na kutiwa witiri, kura yake ya mwisho ya Seneti ilikuwa 2020 na inayofuata ni 2026. Ukiona idadi ya kura za Seneti katika kijiji fulani imekatika ghafla, chunguza hili kabla ya kudhani watu walisusa.

Nini kilitokea 2011?

Februari 2011, gavana Scott Walker, wa Republican, alileta muswada uliokuja kuitwa Act 10, ulioondoa sehemu kubwa ya haki ya watumishi wa umma kujadiliana mishahara na masharti kwa pamoja, isipokuwa polisi na wazima moto. Republican walikuwa na maseneta 19 kati ya 33. Muswada wa fedha ulihitaji akidi ya tatu kwa tano, yaani maseneta 20 ukumbini. Democratic wote 14 wakaondoka jimboni kwenda Illinois ili akidi isitimie. Republican waliondoa vipengele vya fedha, wakapitisha kilichobaki Machi.

Pande zote mbili zikaanza kukusanya saini za kuwaondoa maseneta. Watu wengi huuliza kwa nini waliopigiwa kura ya kuondolewa 2011 wote walikuwa wa namba shufwa: 2, 8, 10, 12, 14, 18, 22, 30 na 32. Katiba ya Wisconsin hairuhusu kumwondoa mtu kabla ya mwaka wa kwanza wa muhula wake kuisha. Wa namba witiri walikuwa wamechaguliwa Novemba 2010, kwa hiyo walikuwa salama hadi Januari 2012. Zamu yao ilikuja Juni 5, 2012, katika wilaya za 13, 21, 23 na 29, siku ile ile ambayo Walker mwenyewe alinusurika kura ya kumwondoa dhidi ya Tom Barrett wa Democratic.

Wilaya ya 10 ilipiga kura Agosti 9, 2011. Sheila Harsdorf alimshinda Shelly Moore, mwalimu, kwa takribani asilimia 58 kwa 42. Kati ya maseneta 9 waliopigiwa kura kiangazi kile, ni 2 tu walioondolewa: Dan Kapanke wa wilaya ya 32 na Randy Hopper wa 18, wote Republican.

Siku hiyo hiyo ya Agosti 9, Walker alitia saini ramani mpya. Kura ya Agosti 9 ilipigwa kwa mipaka ya zamani; kura ya Novemba 2012, Harsdorf alipochaguliwa tena, ilikuwa ya mipaka mipya. Ukizilinganisha hizo mbili moja kwa moja, unalinganisha wilaya mbili tofauti.

Hatua za kumwondoa seneta ni zipi?

Kwanza, kamati hujiandikisha na kutangaza nia. Kwa mbunge wa jimbo hakuna sharti la kutaja kosa. Pili, kamati ina siku 60 za kukusanya saini zisizopungua asilimia 25 ya kura zote za ugavana zilizopigwa ndani ya wilaya hiyo katika uchaguzi uliotangulia. Angalia: kura za ugavana, si za Seneti. Tatu, ombi likishawasilishwa, seneta ana siku 10 za kupinga saini, waombaji siku 5 za kujibu, naye siku 2 za neno la mwisho. Ofisi ya uchaguzi ina siku 31 za kuamua, na mahakama yaweza kuongeza. Nne, uchaguzi hufanyika Jumanne ya wiki ya 6. Kama upande wowote una wagombea zaidi ya mmoja, Jumanne hiyo hugeuka mchujo na uchaguzi wenyewe husogea wiki 4 mbele.

Seneta anayelengwa huingia kwenye karatasi ya kura bila kutafuta saini, asipojiuzulu ndani ya siku 10. Akishinda, hawezi kuitiwa kura nyingine ya aina hiyo katika muhula ule.

Mkenya atakumbuka kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010, kinachotoa haki ya kumwondoa mbunge. Tofauti iliyo wazi ni kwamba kura ya Wisconsin haiulizi "aondoke au abaki?" Ni uchaguzi kamili, jina dhidi ya jina, na mwenye kura nyingi huchukua kiti papo hapo.

Wagombea bandia wa 2011 walikuwa nini?

Kwa sababu mgombea wa pili hulazimisha mchujo, Republican waliweka watu wao wagombee kama Democratic katika wilaya 6 walizokuwa wakizilinda, ya 10 ikiwamo. Shabaha ilikuwa kusogeza uchaguzi kutoka Julai 12 hadi Agosti 9 na kuwapa maseneta wao mwezi zaidi wa kampeni. Wisconsin haiandikishi wapiga kura kwa chama, hivyo wafuasi wa Republican waliweza kihalali kupiga kura kwenye mchujo wa Democratic. Wagombea halisi wa Democratic walishinda wote 6.

Athari kwa mtafiti: matokeo ya Julai 12, 2011 hayafai kupima nguvu ya Democratic katika wilaya hii. Ndani yake mna kura za wapinzani wao. Yaweke kando.

Januari 2018 ilikuwaje?

Novemba 2017 Walker alimteua Harsdorf kuwa waziri wa kilimo wa jimbo, kiti kikabaki wazi. Mchujo ulikuwa Desemba 19. Kwa Republican, Adam Jarchow wa Baraza alimshinda mwenzake Shannon Zimmerman; kwa Democratic, Patty Schachtner, mchunguzi wa vifo wa kaunti ya St. Croix, alimshinda John Calabrese. Wiki 4 baadaye, Januari 16, 2018, Schachtner alishinda kwa takribani asilimia 55 kwa 44, na kura chache za mgombea wa chama kidogo cha Libertarian.

Habari ilienea nchi nzima, kwa sababu wilaya hii ilimpa Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, ushindi wa takribani pointi 6 za asilimia mwaka 2012 na Donald Trump takribani pointi 17 mwaka 2016. Harsdorf mwenyewe 2016 alipata zaidi ya asilimia 60. Walker alitangaza hadharani kwamba matokeo hayo ni onyo kwa chama chake.

Sasa tazama hesabu. Kila wilaya ya Seneti kwa sensa ya 2010 ilipaswa kuwa na watu 172,333. Waliopiga kura Januari ile ni kama 22,000. Pengo la pointi 10 na ushei kwenye kura 22,000 ni kura 2,000 na ushei, idadi inayoweza kutoka kwenye tarafa chache zilizopandisha hamasa. Ni Januari, theluji, hakuna kiti kingine kwenye karatasi. Anayetoka nyumbani siku kama hiyo ni mtu aliyeazimia, na mwaka ule azma ilikuwa zaidi upande wa Democratic. Schachtner pia alikuwa mwenyeji anayezungumzia dawa za kulevya na gharama za matibabu, mambo aliyoyaona kazini, wakati vikundi vya nje ya wilaya vikituma barua za kumshambulia.

Basi wilaya iligeuka?

Hapana, na 2020 ilithibitisha. Novemba 3, 2020, uchaguzi wa rais ukiwa kwenye karatasi ile ile, Stafsholt alimshinda Schachtner kwa takribani asilimia 60 kwa 40. Mipaka ilikuwa ile ile ya Januari 2018. Mgombea wa Democratic alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni nani alijitokeza. Hatuoni jozi ya chaguzi nyingine ya Wisconsin inayofundisha jambo hili kwa usafi zaidi, na tunasikitika kila tunapoona moja kati ya hizo mbili ikinukuliwa bila mwenzake.

Jambo linalofanana lilitokea upande wa mashariki, wilaya ya 1, kwenye rasi ya Door: Caleb Frostman wa Democratic alishinda uchaguzi mdogo wa Juni 12, 2018 dhidi ya André Jacque, kisha Novemba mwaka huo huo Jacque akamshinda yeye.

Je, gavana analazimika kuitisha uchaguzi mdogo?

Sheria inasema nafasi ikiwa wazi kabla ya Jumanne ya pili ya Mei ya mwaka ambao kiti kingechaguliwa kwa kawaida, ijazwe upesi. Tarehe huwa kati ya siku 62 na 77 tangu amri ya gavana. Kwa wilaya ya 10 Walker aliitisha. Baada ya chama chake kushindwa huko, hakuitisha kwa wilaya ya 1 ya Seneti na ya 42 ya Baraza, zilizoachwa wazi Desemba 29, 2017, akidai zingoje Novemba. Hoja ya upande wake ilishikilia neno "mwaka": nafasi zilitokea 2017, si 2018. Wapiga kura walikwenda mahakamani, na Machi 2018 jaji wa kaunti ya Dane akaamuru chaguzi ziitishwe. Ndizo zilizofanyika Juni 12.

Mipaka imebadilika mara ngapi?

Mfumo wa wilaya 3 ndani ya 1 wenye namba zinazofuatana ulianza na ramani ya 1972. Tangu hapo: 1982 mahakama ya shirikisho ilichora, bunge likachora upya 1983, 1992 na 2002 mahakama tena, 2011 bunge lililoshikwa na Republican, kwa sheria iitwayo Act 43, 2022 ramani ya Republican iliyokubaliwa na Mahakama Kuu ya jimbo baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutengua uamuzi wa awali, na 2024, Act 94, iliyotiwa saini na gavana Tony Evers Februari 19 baada ya mahakama ya jimbo, Desemba 22, 2023, kukataa wilaya zenye vipande vilivyotengana.

Act 43 ndiyo iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gill dhidi ya Whitford, 2018, kuhusu kuchora mipaka kwa faida ya chama. Mahakama haikuamua kiini. Ilisema walalamikaji hawakuthibitisha madhara katika wilaya zao wenyewe.

Kuna jambo moja linalowanasa hata wazoefu. Ramani ya 2022 ilitumika kwa uchaguzi mkuu wa kawaida wa Seneti mara moja tu, Novemba 2022, na mwaka ule ni wa namba witiri. Kwa hiyo wilaya ya 10 haikuwahi kuchagua seneta kwa ramani ya 2022. Iliruka kutoka Act 43 mwaka 2020 hadi Act 94 mwaka 2024. Faili la "wilaya ya 10, ramani ya 2022" lipo, lakini halina kura yoyote ya kiti hiki.

Nataka kulinganisha matokeo ya miaka tofauti. Nianzie wapi?

Usianze na orodha ya washindi. Anza na wadi, kipande kidogo kabisa ambacho kura zake hutolewa.

Pakua matokeo ya wadi kutoka Tume ya Uchaguzi ya Wisconsin kwa kila mwaka unaoutaka. Chagua ramani moja tu, mathalani Act 94, na uorodheshe wadi zilizomo ndani ya wilaya ya 10 kwa ramani hiyo. Kisha kusanya kura za wadi hizo kwa miaka yote, hata miaka ambayo zilikuwa wilaya nyingine. Tumia kura za rais au gavana kama kipimo, maana kila wadi huzipiga. Kura za Seneti hazipatikani kwa wadi zilizokuwa upande wa witiri. Mwisho, weka chaguzi ndogo na za kumwondoa mtu kwenye safu yao pekee, pamoja na jumla ya kura kando ya asilimia.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya:

Wadi zilizounganishwa. Manispaa yenye watu chini ya 35,000 inaruhusiwa kutoa matokeo ya wadi kadhaa kwa mkupuo, kwa mfano "Wadi 1–4". Kama mpaka mpya unapita kati ya wadi ya 2 na ya 3, huwezi kujua kura zipi ni za upande gani. Ofisi ya teknolojia ya bunge la jimbo hugawa kura hizo kwa kadiri ya idadi ya watu wazima. Ni makadirio, usiyaandike kana kwamba yalihesabiwa.

Majina yanayofanana. Kuna City of Hudson na kuna Town of Hudson, serikali mbili tofauti zenye wapiga kura tofauti. Kuna Village of Somerset na Town of Somerset. "Town" huko Wisconsin si mji. Ni serikali ya mitaa ya mashambani inayozunguka mji. Ukipanga safu kwa jina bila aina, programu yako itazijumlisha kuwa moja.

Mji uliokatwa na kaunti. City of River Falls imo St. Croix na Pierce pia. Ukichukua faili la kaunti moja unapoteza sehemu nyingine.

Wadi zinazozaliwa. Hudson na New Richmond hukua, na ardhi ya mashamba ikiingizwa mjini hupewa wadi mpya, wakati mwingine yenye wapiga kura wachache mno. Wadi isiyokuwapo 2012 isionekane kwako kama wadi iliyopata kura sifuri.

Mgombea anahitaji nini?

Saini halali 400 hadi 800 za wapiga kura wa ndani ya wilaya, zikusanywe kati ya Aprili 15 na Juni 1. Aongeze fomu ya kusajili kampeni, tamko la kugombea na taarifa ya mali na maslahi. Kinachoangusha saini nyingi ni anwani: mtu huandika Hudson kwa sababu barua zake hupitia posta ya Hudson, kumbe anaishi manispaa jirani. Nyingine huanguka kwa kukosa tarehe, au kwa mkusanyaji kutia sahihi kiapo chake kabla ya saini zote kuingia kwenye karatasi. Mwenye busara hupeleka karibu 800.

Kura zinaweza kuhesabiwa upya?

Ndiyo, kwa ombi la aliyeshindwa kwa pengo lisilozidi asilimia 1. Likiwa asilimia 0.25 au chini, hatozwi. Juu ya hapo hulipia mwenyewe. Hakuna chaguzi za kiti hiki tulizozitaja tangu 2011 zilizokaribia pengo hilo.

Ninaishi huko, nimepata uraia. Napigaje kura?

Wapo wasemaji wa Kiswahili pande zote mbili za mto, kwa hiyo swali hili linastahili jibu kamili. Uwe raia wa Marekani, miaka 18, na uwe umeishi kwenye anwani yako siku 28. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hana kura, na kujiandikisha tu kunaweza kumharibia uhamiaji wake. Akiombwa na mkusanyaji barabarani akatae.

Waweza kujiandikisha siku yenyewe kituoni ukiwa na uthibitisho wa makazi, kama bili ya umeme, taarifa ya benki au mkataba wa pango. Kitambulisho cha picha ni jambo la pili, na hapa wahamiaji kutoka ng'ambo ya mto hukwama: leseni ya udereva ya Minnesota haikubaliki. Vinavyokubalika ni pamoja na leseni au kitambulisho cha Wisconsin, pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia kilichotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya uchaguzi. Kitambulisho cha Wisconsin cha kupigia kura hutolewa bure. Usipokuwa nacho siku hiyo, omba kura ya muda, kisha umfikishie karani wa manispaa kitambulisho kabla ya saa 10 alasiri ya Ijumaa inayofuata, la sivyo haihesabiwi.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Aliye kwenye foleni saa 2 atapiga. Kwenye mchujo chagua chama kimoja tu. Ukichanganya safu za vyama viwili, kura zako za vyama zinaweza kukataliwa.

Kiti hiki kitapigiwa kura tena lini?

Mchujo Agosti 8, 2028, uchaguzi Novemba 7, 2028, kwa mipaka ya Act 94 ikiwa haitabadilishwa. Kiti kikiwa wazi kabla ya hapo, tafuta amri ya gavana, hesabu siku 62 hadi 77 kwa uchaguzi wenyewe, kisha rudi nyuma wiki 4 kupata mchujo.